Kinara cha Tatu

Ukumbi wenyewe ni wa mazoezi ya viungo, shule moja ya Kokkola:
kamba za kupandia zimefungwa darini,
mistari ya mpira wa kikapu inapita chini ya viti vyetu,
na harufu ya raba za watoto haijatoka tangu Ijumaa.
Nje, Februari. Theluji imepanda hadi vioo vya madirisha.
Ndani, watu mia na kumi na wanne, nimewahesabu,
pamoja na makoti yao.

Raili, daktari wa meno, ndiye baragumu la kwanza.
Ngoma kazishika fundi mabomba.
Taisto, mwalimu wa kemia, anatuongoza
kwa kijiti alichokichonga mwenyewe,
na kila akiinua mkono shati linachomoka.
Noti tumeziazima maktaba ya mkoa,
noti zisizonunua hata mkate,
na pembeni mwake penseli za waliokwisha kufa zimeandika:
polepole. usikimbie. mtazame!

Mimi ni selo, kinara cha tatu, mgeuza kurasa.
Kulia kwangu Orvokki, miaka themanini na mmoja,
aliyekuwa karani wa posta.
Nina siri yake.
Tangu majani yalipopukutika
uta wake haugusi nyuzi.
Unapita juu, unywele mmoja tu juu,
unakwenda na kurudi sambamba na zetu,
haukosei mwelekeo, wala hautoi sauti.
Vidole vimekuwa tangawizi.
Wanasema mficha uchi hazai;
hao hawajaketi kinara kimoja na Orvokki.

Simfonia ni ya karne ile ya wapenzi wakohozi,
watu waliopasua kifua kwa ajili ya mwezi
wakaacha karatasi nyeusi tii,
noti juu ya noti, nzi juu ya asali.
Sehemu ya kwanza tuliivuka
kama wavukao barafu ya Aprili:
kila mmoja akisikiliza ufa.
Ya pili, Raili peke yake. Sauti ya tatu ikamvunjikia,
akaiokota ya nne,
na huko nyuma mtu akavuta pua.

Ya tatu ina mbio.
Fidla za pili hazikurudia palipotakiwa kurudiwa,
filimbi zikarudia,
mabaragumu yakasimama njia panda.
Taisto akawa mtu mwenye kamba tatu za mbwa watatu,
kijiti kikitafuta wa kukiamini.
Nami nikawa napiga nisichokijua,
kwa nguvu, ili nisijulikane.

"K," alisema Orvokki.
Si kwa mnong'ono. Kwa sauti ya dirishani posta,
ile ya kumwita anayefuata.
"Herufi K. Sasa!"

Maana katika sisi wote, arobaini na mbili,
yeye tu hakuwa na kazi ila kuhesabu.
Tukaingia K.
Selo, kisha zumari, kisha fidla zikiona haya,
na Taisto akatugeukia
kama mgeni aliyeonyeshwa mlango.

Mwisho tulifika pamoja. Karibu pamoja:
ngoma ilikuja nyuma kidogo, kama mjomba harusini.
Na katika mlio ule wa mwisho, mrefu,
nilihisi sakafu inatetemeka upande wa kulia,
pale mwiba wa chuma wa selo yake ulipochomekwa,
au labda ulikuwa wangu.
Sikutazama.

Baadaye kahawa, na mikate ya iliki.
Mzee mwenye kofia ya manyoya akamshika Orvokki mkono:
"Wewe nilikusikia vizuri sana."
"Naam," alijibu, "ulikuwa karibu."

Nilimbebea selo yake hadi garini.
Theluji ililia chini ya viatu.
Alipokwisha kufunga mkanda akashusha kioo, inchi moja:
"Ukurasa wa kumi na tisa ulichelewa kuugeuza."

Nikasema, kweli.